Kabureta ya Baba Mkwe

Linavuja tena! Fundi aliinama, akapitisha kidole chini ya kabureta, kidole kikarudi kimelowa petroli. Jamani, asubuhi nzima anafanya nini basi? Gasketi ya kifuniko kabadilisha. Ile sindano inayozuia petroli isizidi kabadilisha. Boya kalitikisa sikioni kuona kama limeingia mafuta, nalo zima. Kila kitu kizima, na gari bado linadondosha kama linamkomoa.

Na lingekuwa gari la mteja, angemwambia arudi wiki ijayo. Lakini hili ni la baba mkwe wake, gari kongwe kuliko fundi mwenyewe, na alasiri hiyo mzee alitaka kwenda nalo hospitali kumrudisha mkewe nyumbani. Mama mkwe alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa kifua. Mke wa fundi, ambaye ndiye binti yao, alishatoa amri kwa simu: "Nikisikia harufu ya petroli hata kidogo, mama hapandi. Naita teksi. Mwambie baba." Amwambie nani? Mzee aliyeamka alfajiri akaliosha gari mpaka kwenye bawaba za milango? Fundi hakuthubutu.

Mzee mwenyewe alikuwa amemsimamia begani, anashauri.

"Labda ni mpira wa petroli, mwanangu."

"Si mpira, baba."

"Zamani mimi nilikuwa naupaka sabuni."

"Ndiyo, baba."

Mteja msumbufu unamfukuza. Baba mkwe unammeza hivyo hivyo, na miiba yake. Fundi akafunga tena kifuniko cha kabureta, akakaza skrubu kwa kiasi, kama inavyotakiwa, akaenda bombani kunawa macho yaliyokuwa yanamwasha. Aliporudi akamkuta mzee ameinama ndani ya boneti, bisibisi mkononi, ulimi nje, anakaza skrubu zile zile kwa nguvu zake zote.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakukazia kidogo. Kila ukiondoka nakukazia. Hata nyumbani, jioni nikitoka hospitali, silali bila kuzikaza."

Kila jioni! Fundi alifungua skrubu, akakitoa kifuniko, akakilaza juu ya kipande cha kioo. Kikacheza kama meza yenye mguu mfupi. Kimepinda! Kimekazwa mpaka pembe zimeinama, katikati kumeachwa mwanya, petroli inapita inavyotaka. Ungebadilisha gasketi mpaka uzeeke. Hapo yakamfika shingoni.

"Baba, gari unaliua mwenyewe! Asubuhi nzima natengeneza, wewe unaharibu! Hebu toa mikono!"

Lo! Mkwe huyo anayefokewa. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Mzee aliweka bisibisi chini polepole, kama mtoto aliyekutwa kwenye kopo la sukari.

"Kule hospitali," akasema, "wauguzi wanamgeuza, mkeo anamlisha, daktari anampima. Mimi nimekaa kwenye kiti. Hakuna cha kushika. Nikirudi nyumbani, angalau kuna skrubu."

Aibu ikampanda fundi mpaka masikioni. Akatandika msasa juu ya kioo, akakilaza kifuniko juu yake, akaishika mikono ya mzee na kuiweka hapo.

"Sugua, baba. Zungusha taratibu. Usikandamize."

Mzee akasugua. Jasho likamtoka, na kila mara fundi alimsimamisha ili waangalie palipobaki bonde. Mwishowe kifuniko kikalala juu ya kioo kimetulia tuli. Wakakiosha, wakakifunga na gasketi mpya, wakafuta injini yote, wakawasha. Fundi akasubiri huku ameuma meno. Akapitisha kitambaa chini ya kabureta, akakinusa, akampa na mzee anuse. Kikavu, hakina harufu.

"Halivuji, baba! Sasa nakuomba, usiguse hapo."

"Sigusi tena," mzee akasema, na safari hii akacheka.

Fundi akamfungulia mlango wa dereva, akampa ufunguo. Mzee akautazama, kisha akamrudishia.

"Endesha wewe. Mimi nitakaa nyuma na mama yenu, nimshike mkono."