Joto la Mgonjwa wa Sita

Muuguzi mstaafu alisoma darasa moja na bintiye, na wenzao walimwita Mama Java kwa jinsi alivyoimudu lugha hiyo ya kompyuta. Lakini wiki ya kwanza ya lugha nyingine, C, ilimtoa jasho. Programu yake ilipaswa kuonyesha joto la wagonjwa watano, nayo ikaonyesha na la wa sita, asiyekuwepo: nyuzi elfu thelathini na mbili. Darasa zima likaangua kicheko. Binti akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mama hakutetereka. Alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akikagua chati wodini.

“Nimeliona kosa,” akasema. “Nimehesabu kuanzia sifuri mpaka tano, na hao ni sita. Java ingenipigia kelele palepale. C imeninyamazia tu, ikaokota namba iliyokuwa jirani kwenye kumbukumbu ya kompyuta.”

Mwalimu akamkabidhi chaki. “Njoo uwaeleze wenzako, mama. Wengi huchukua wiki nzima kuliona kosa hilo.”

Alipomaliza, binti ndiye aliyetangulia kupiga makofi, kifua mbele. Jirani yake akamnong’oneza, “Mama atakubali kutufundisha Jumamosi?”

“Panga foleni,” akajibu. “Wa kwanza ni mimi.”