Jibini la Kahawia na Skii za Bibi Gunvor

Ninaandika haya kwa amri ya Mwalimu Eilev, mkuu wa mazoezi ya skii katika shule yetu ya bweni, aliyenipa adhabu ya kurasa mbili pamoja na mada yake: watu huanzaje kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, na kwa nini hawaachi hadi uzeeni. Kosa langu lilikuwa dogo. Nilikwangua nta yote ya kahawia ya kupaka skii kutoka kwenye kikopo chake, nikajaza mahali pake jibini la kahawia la maziwa ya mbuzi, nikalisawazisha kwa kidole gumba mpaka likang'aa. Rangi ni ile ile. Mwalimu alilipaka chini ya skii zake mbele ya darasa zima, huku akituhimiza tuijue kila nta kama tunavyowajua ndugu zetu. Mbwa wa mpishi alimfuata kilomita mbili akilamba.

"Gyrid," aliniambia ofisini, "kikopo hiki nakukabidhi, na jibini lako ndani yake. Nenda nacho nyumbani Pasaka yote. Kitazame. Tafakari."

Nilikitazama. Nikatafakari. Ijumaa alasiri nilipofika nyumbani nilikiweka kwenye rafu ya nta pale mlangoni, katikati ya vikopo vya baba.

Naomba ieleweke kwamba nilimlenga baba peke yake. Baba yangu, Torkjell, ni mtu wa kipimajoto. Kabla ya kupaka nta hupima hewa, hupima theluji ya juu, hupima theluji ya chini, kisha husoma jedwali alilolibandika ukutani na kutoa hukumu. Bluu ni ya baridi kali, nyekundu ni ya theluji inayoyeyuka, zambarau ni ya katikati. Ukipatia, skii hushika unapoikanyaga na huteleza unapoiachia. Ukikosea, unapanda mlima kwa kurudi nyuma. Bondeni kwetu kuna koo mbili ambazo hazisalimiani kwa sababu ya zambarau.

Bibi Gunvor, mama yake baba, ana miaka themanini na mmoja na hajawahi kumiliki kipimajoto. Yeye hufinya theluji kiganjani, huitazama ikianguka, halafu hupaka anachotaka. Siku hizi macho yake yameingia ukungu, kwa hiyo hata kuitazama haitazami sana.

Na mwaka huu kulikuwa na makubaliano. Kila Jumamosi ya kabla ya Jumapili ya Matawi, familia yetu hupanda kwa skii hadi kwenye nyumba yetu ya mlimani, kilomita tisa. Mwaka jana Bibi alianguka mara mbili, na baba hakupata usingizi wiki nzima. Basi wakashikana mikono: Bibi akifika juu kwa miguu yake, hakuna mtu atakayefungua mdomo tena. Akishindwa, jirani yetu Leidulv, anayetubebea viazi na kuni kwa pikipiki yake ya theluji, atambeba na yeye. Kisha skii zake zitapigiliwa misumari juu ya mlango wa ile nyumba, ziwe pambo, na hatazivaa tena maishani. Baba alishatia nyundo na misumari minne ndani ya begi lake. Niliviona kwa macho yangu.

Jioni hiyo nilimkuta Bibi jikoni akifungasha machungwa ya safari, mawili kwa kila mtu. Nikafungua daftari langu kwa heshima zote za mchunguzi.

"Bibi, ulianzaje skii?"

"Kwa kuharibu mali ya watu."

Nikashika kalamu vizuri.

"Nilikuwa na miaka sita," akasema. "Kaka zangu walikuwa na skii. Mimi nilikuwa na sketi. Chini ya nyumba kulikuwa na pipa la samaki wa chumvi. Umewahi kuziona mbao za pipa? Zimepinda vizuri, kama zinakuita. Nikalivunja kwa shoka."

"Lilikuwa tupu?"

"Nusu."

"Nusu tupu?"

"Nusu samaki. Usinikatize. Nikachukua mbao mbili, nikakata hatamu ya farasi nikazifunga miguuni, nikapanda kilima cha zizini."

"Na hatamu pia?"

"Farasi hakulalamika. Nikaanguka, nikaanguka, nikaanguka. Nilinuka samaki mpaka Pasaka. Lakini mara moja tu, kabla sijaufikia uzio, zile mbao zilikimbia zenyewe na mimi nimesimama juu yake. Sikuwa nimefanya kitu chochote! Nikapanda tena kuona kama itatokea mara ya pili."

"Ikatokea?"

"Siku ya tatu."

"Na babako?"

"Alinichapa. Halafu akanichongea skii. Alisema mti ni nafuu kuliko pipa."

Niliandika yote. Kisha nikauliza lile swali la pili, ambalo Mwalimu alikuwa amelipigia mstari.

"Na kwa nini hukuacha?"

Bibi alinusa chungwa, akaliweka kwenye mfuko. "Hilo sijui. Niulize kesho, tukiwa njiani."

"Niandike 'hajui'?"

"Andika. Kwani mwalimu wako anajua? Angejua angekuuliza wewe?"

Asubuhi, saa mbili kasorobo, baba alirudi kutoka uani na hukumu yake. "Nyuzi nne chini ya sifuri. Bluu. Nimeshapaka zangu na za Gyrid. Mama, lete na zako."

"Zangu nimeshapaka."

"Umepaka nini?"

"Nta."

"Nta gani, Mama?"

"Ile inayopakwa chini."

Baba alinitazama mimi, kana kwamba nimo kwenye njama. Nami nikatazama rafu ya nta. Kikopo changu cha kahawia hakikuwapo.

Niligeuza skii za baba haraka: bluu tupu. Za kwangu: bluu. Nje, Bibi alikuwa ameshafunga zake, na tayari alikuwa anaondoka.

Hapo mtu mwema angepiga kelele. Nilifungua mdomo, kweli nilifungua. Lakini baba alikuwa amesimama karibu, na nyundo yake begini. Nikisema, atamwondolea Bibi skii palepale mlangoni, atasema, unaona, hata jibini hawezi kulitofautisha na nta, na jambo litaisha kabla ya kilomita ya kwanza. Nisiposema, Bibi ataanza kurudi nyuma mahali fulani, na nyonga ya miaka themanini na mmoja si kitu cha kufanyia mzaha. Nikafunga mdomo nijipe muda wa kufikiri. Kufikiri kulinichukua kilomita sita.

Nilikaa nyuma yake, macho kwenye visigino vyake. Na hapa lazima nikiri jambo lingine. Kadiri tulivyokwenda, hofu ilianza kuchanganyika na udadisi, kwa sababu Bibi hakuteleza nyuma hata mara moja. Anakanyaga, inashika. Anaachia, inakimbia. Njia ilikuwa tambarare, sawa, lakini hata tambarare ina vijimlima, na kwenye kila kijimlima nilinyoosha fimbo yangu nimzuie, naye akapita kama hakuna kitu. Nikaanza kujiuliza kama babu zetu walikosea miaka yote hiyo. Pengine jibini ndilo lililotakiwa. Nilianza hata kufikiria bei.

Jua lilitoka kamili saa nne. Theluji ikaanza kung'aa kwa ule mng'ao wa kulowa, na skii zangu za bluu zikaanza kunidanganya: hatua moja inashika, inayofuata haishiki. Tulisimama kupumzika chini ya Kleiva, ule mpando mkali wa mwisho, unaopita katikati ya miamba miwili. Kila mwaka tunakula machungwa yetu hapo. Baba alimeza lake haraka akaenda nyuma ya mwamba kupima theluji.

Niliutazama mpando. Pembeni yake kuna korongo. Udadisi wangu wote ukaniisha.

"Bibi," nikasema, "kile kikopo cha kahawia ulichotoa rafuni. Ile si nta. Ni jibini."

Bibi aliendelea kumenya. "Unalijua hilo tangu nyumbani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kilomita sita."

"Ndiyo, Bibi."

"Na ulikuwa umepanga kusema wapi?"

"Nilitaka kusema mapema. Halafu nikaogopa baba atachukua skii zako. Halafu, nilipoona huanguki... nilitaka kuona."

"Ulitaka kuona," akarudia, taratibu, kama mtu anayeonja kitu. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kikopo, akanitupia. Kilikuwa kitupu, kimekwanguliwa hadi kwenye pembe.

"Nimelila asubuhi na mkate, wewe ukiwa bado unakoroma. Limeshika ladha ya nta kidogo, lakini chakula hakitupwi. Macho yangu yameharibika, mtoto wewe. Pua ni nzima."

"Kwa hiyo umepaka nini?"

"Nta laini ya theluji inayoyeyuka. Juu yake bluu nyembamba, ya kunifikisha hapa. Bluu imeshalika. Sasa ile ya chini ndiyo inaamka." Akageuza uso kuelekea jua, macho amefumba. "Babako anapaka nta ya pale mlangoni. Kwani sisi tunakwenda mlangoni?"

"Mbona hukuniambia? Nimekufa kwa hofu njia nzima!"

"Nilitaka kuona," akasema Bibi, na akaniwekea kipande cha chungwa mdomoni.

Tukaanza kupanda. Baba alitangulia, akapiga hatua nne, akarudi tatu. Mimi nilipanda kwa mikono zaidi kuliko miguu. Bibi alifungua ncha za skii zake kwa nje, akapanda akiacha nyuma alama kama mifupa ya samaki. Akampita baba.

"Torkjell, kipimajoto kinasemaje?"

"Mama, tazama mbele!"

"Siwezi kutazama mbele wala nyuma, wewe niambie tu kinasemaje."

Alipofika theluthi mbili ya mpando, skii yake ya kushoto ilikanyaga mkia wa ile ya kulia. Akaanguka ubavu, taratibu, bila sauti, akateleza kidogo kuelekea kwenye korongo, akakwama hapo.

Wakati huohuo tukasikia mngurumo. Leidulv alikuwa anapanda nyuma yetu na viazi vyake. Aliona, akazima injini.

Baba alivua skii akakimbia, theluji ikimfika magotini. "Mama! Umeumia?"

"Usiniguse."

"Mama, Leidulv yuko hapa, hakuna aibu..."

"Torkjell. Tulishikana mikono."

Mimi nilikuwa nimefika karibu na kichwa chake. Theluji ilikuwa kwenye nyusi zake.

"Gyrid, una kalamu?"

"Sina, Bibi."

"Mwanafunzi gani wewe? Basi shika kichwani. Uliniuliza kwa nini siachi." Alipumua kwanza. "Hapa nilipo sijui kama nitanyanyuka. Sikutanii, sijui. Kila mwaka kuna mahali pananifanyia hivi. Mwaka niliomzaa babako ilikuwa palepale uani. Nikikaa jikoni, najua kila kitu mpaka saa ya kulala."

Kisha akabingirika chali, akainua miguu yote miwili juu, skii zikiwa hewani kama miguu ya mdudu aliyepinduliwa, akazilaza upande wa pili, zote mbili kukata mteremko. Akapata goti. Akajisukuma kwa fimbo, akarudi chini. Akajisukuma tena, akarudi chini. Baba alikuwa ameinama juu yake, mkono ameunyoosha, shubiri moja kutoka begani kwake, nao ukibaki palepale bila kumgusa. Kule chini Leidulv alikuwa amevua kofia.

Mara ya tatu alinyanyuka. Alisimama kidogo, akayumba, akajikung'uta sketi, na kuendelea kupanda. Sikuona kama alikuwa anatabasamu, kwa sababu nilikuwa nyuma yake tena, macho kwenye visigino.

Tulipofika, alikaa kwenye ngazi ya nyumba, mgongo kwenye ukuta wenye jua. Baba alifika wa mwisho, kwa miguu, amebeba skii zake begani.

"Torkjell," Bibi akamwita, "ile nyundo umekuja nayo?"

Masikio ya baba yaligeuka mekundu. "Nyundo gani?"

"Iliyokuwa ikigonga misumari begini mwako kilomita tisa nzima. Na masikio yangu ni mazima pia."

Baba alifungua begi, akaitoa pamoja na misumari, akabaki ameishika kama mtoto aliyekamatwa na kitu cha watu. Kwa mara ya kwanza maishani niliona sura hiyo kwa mtu mwingine, si kwenye kioo.

"Chukua hicho kipimajoto chako," Bibi akasema, "kipigilie hapo karibu na mlango. Kimefanya kazi sana. Kipumzike."

Leidulv, aliyekuwa akishusha mzigo, alicheka mpaka akaangusha gunia la viazi. Baba alitutazama mmoja mmoja. Halafu akakipigilia kweli, kimenyooka kabisa, na alipomaliza akakisoma.

"Nyuzi tatu juu ya sifuri," akasema.

"Aa," akasema Bibi. "Kumbe."

Kikopo nakirudisha pamoja na kurasa hizi, Mwalimu, kama ulivyoagiza. Kimetafakariwa kikamilifu.

Kazi ile ya kupigilia kipimajoto ilitumia misumari miwili. Miwili iliyobaki baba alitaka kuirudisha begini, Bibi akamzuia. Alimwambia aiache kwenye ubao wa dirisha, mahali ambapo yeye Bibi anaweza kuipapasa kwa mkono.

"Ya mwakani hiyo," akasema. "Itapigilia nini, mimi nitajuaje?"