Mguu wa Mkurungu

Mguu wa kwanza wa mti uliachia njiani, Immakulata akielekea sokoni Kasulu. Mti wenyewe haukuvunjika. Ulifumuka pale kwenye kifundo, kipande cha unyayo kikabaki kwenye matope, naye akaanguka kando. Wanawake aliokuwa nao wakamshika mabega wakamrudisha nyumbani Kagerankanda.

Mumewe, Nsabimana, alikuwa seremala tangu kwao Burundi. Walikimbia mwaka sabini na mbili. Karibu na mpaka risasi ilimpiga mkewe gotini, na hospitali wakaukata mguu; ule wa mti Nsabimana alimchongea mwenyewe. Katika kukimbia huko walipotezana na mtoto wao wa pekee, Havyarimana. Hakuna aliyeiona maiti yake, kwa hiyo majirani waliendelea kuwaita Baba na Mama Havyarimana.

Nsabimana alikigeuzageuza kile kiungo. Gundi ilikuwa imebanduka nzima kama ganda, na mti chini yake unang'aa. Akakipeleka mjini kwa mzee Abbasi, seremala wa siku nyingi.

"Uliranda lini?" Abbasi aliuliza.

"Wiki moja kabla ya kubandika, mzee."

"Basi ulibandika juu ya mafuta. Mkurungu ni mti mzito, una mafuta ndani. Ukiuranda ukauacha, yanapanda tena juu. Randa, uparuze kwa meno ya msumeno, ufute kwa petroli mpaka kitambaa kisitoke na wekundu. Ikikauka tu, paka gundi pande zote mbili. Na usibane kupita kiasi, utaikamua yote itoke."

"Nitumie mti mwepesi?"

"Mwepesi utapasuka mapema. Mkeo ana safari ndefu ya maisha."

Nsabimana aliomba petroli kwa dereva wa lori. Akaunganisha kwanza vipande viwili vya majaribio, akaviacha vikauke, kisha akavigonga kwa nyundo kwa nguvu zake zote. Mti ukapasuka pembeni, kiungo hakikutikisika. Alicheka peke yake, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu wahamie.

Akaunga mguu mpya vivyo hivyo, Immakulata akauvaa. Alianza kwenda kisimani, halafu shambani, halafu mbali zaidi, akirudi jioni na vumbi hadi kiunoni. Nsabimana alimtazama kwa furaha.

"Kiungo hiki kitahimili milima?" mkewe alimuuliza siku moja.

"Kitahimili, Mama Havyarimana. Usiogope."

Asubuhi moja Nsabimana alikwenda porini kupasua mbao. Aliporudi alikuta jiko limepoa. Jirani yao Kudra alikuwa amesimama mlangoni, anasokota ncha ya kanga.

"Amepanda lori la Manyovu," alisema. "Nilidhani umemtuma wewe."

Nsabimana alifika Manyovu, kule mpakani, amechoka, akauliza kila aliyemkuta. Mbadilisha fedha mmoja, Hilali, alimkumbuka.

"Mama wa mguu wa mti? Amevuka. Nilimwambia, mama, kule wanaua watu. Akanijibu mwanawe yuko kule peke yake."

"Alikuwa anachechemea?"

"Wala. Alipanda kile kilima kama mtu mwenye miguu yake yote miwili."

Nsabimana alikaa chini palepale barabarani. Hilali akamletea maji, hakuyanywa. Alikuwa akiuona mkono wake mwenyewe ukifuta kwa petroli ule ulimi wa mti, ncha inayoingia kwenye kiungo, kwa uangalifu, ili usije ukaachia. Angeharakisha kidogo tu, mkewe angeanguka tena karibu, na majirani wangemrudisha.

Alijaribu kumfuata. Askari wa mpakani wakamzuia, wakamwambia wazi kwamba hawataki kuhesabu maiti nyingine. Akabaki Manyovu msimu mzima wa mvua, akiuliza kila lori lililotoka upande wa pili. Wengine walivuka wakarudi na habari za ndugu zao. Yeye hakuletewa ya mke wala ya mtoto.

Hatimaye alirudi Kagerankanda akalima mihogo. Mtu alipomletea ubao amtengenezee mlango, alimwelekeza kwa Abbasi, akaingia ndani.