Picha Iliyofika Kwa Ukoo

Mama fundi cherehani alikuwa na mkono mwepesi. Kila kilichoingia kwenye simu yake, lazima akirushe kwenye kundi la ukoo: dawa za presha, onyo la matapeli, watoto waliopotea na kupatikana zamani. Watu walishamzoea.

Siku mchumba wa zamani wa bintiye alipomtumia picha ya binti huyo akiwa mtupu, ili kumkomoa kwa kuwa binti ndiye aliyemwacha, damu ilimchemka mama. Hakufikiri mara mbili. Aliirusha kundini na kuandika: "Tazameni unyama aliofanyiwa mwanenu!" Wakatazama. Wajomba, mashemeji, hata bibi mzaa baba, aliyelazimika kutafuta miwani kwanza.

Kijana alishtakiwa. Wakili wa serikali alimwita mama pembeni, kwenye korido ya mahakama.

"Wenzetu wa upande wa utetezi wanadai katiba inampa mteja wao uhuru wa kujieleza. Hilo nitalijibu, mwili wa mtu si maoni. Shida ni wewe, mama. Wanauliza mbona aliyeisambaza zaidi hajashtakiwa."

"Nilikuwa namtetea mwanangu!"

"Najua. Lakini sheria inasema kusambaza bila ridhaa ya mwenyewe. Haiulizi kama ulikuwa na upendo au chuki. Nikikuacha, watasema tunamwonea, na kesi itayumba."

Mama alimwendea bintiye, aliyejiinamia kwenye benchi la mwisho.

"Mwanangu, ukisema tuache, tunaacha. Twende zetu nyumbani."

"Yeye alikutumia wewe peke yako, mama." Binti alimeza mate. "Hilo ningelivumilia."

Mama alirudi kwa wakili wa serikali na kumwambia kesi iendelee.

Aliposomewa shitaka lake, wakili wake alimnong'oneza akane. Angeweza kusema simu ilikuwa mikononi mwa mwingine, na nani angebisha?

"Ni kweli," alisema. "Niliituma."

Minong'ono ilizuka nyuma yake. Hakimu akauliza kama ana lolote la kujitetea kabla ya adhabu. Mama aligeuka. Ukoo mzima ulikuwa umekuja kumpa moyo, wamebanana kwenye viti. Bintiye alikuwa amebaki nje, maana humo ndani hamkuwa na mtu ambaye hakuwa ameiona.

"Sina," alisema.