Wazee wa Nenosiri

Fosia alikuwa akichuja maziwa ya ngamia nyumbani kwake, mtaa wa Waberi mjini Garissa, huku marehemu baba yake na babu zake wamejipanga mkekani barazani wakipiga soga. Hawakuwa wageni wa leo. Siku alipofungua pochi ya sarafu za mtandaoni, simu ilitaka nenosiri refu asiloweza kulisahau, naye akaandika nasaba yake, ambayo mtoto wa Garissa hufundishwa kabla ya kuhesabu. Jioni hiyo hiyo wazee wakafika, wakaketi kulinda mali.

Ndani ya pochi mlikuwa na friji. Yaani bei ya friji, akiba yake yote, maana joto la Garissa halina huruma na maziwa, na nusu ya riziki yake ilikuwa ikiishia kumwagwa mchangani. Sasa ikatangazwa kwamba sarafu za zamani zinakufa, zibadilishwe kwa mpya.

Mwalimu Caro, jirani aliyeletwa na kazi kutoka Meru, aliwaamkia wazee, akaruka miguu yao, akaingia.

"Badilisha mwenyewe, humo humo kwenye pochi," alisema. "Atakayekupigia simu eti akusaidie, mkatie. Nenosiri usimtajie mtu, hata mimi."

"Walaal, dada yangu, mimi ni mtoto? Mume wangu mwenyewe halijui!"

Adhuhuri simu ikalia. Kijana mwenye sauti ya asali alimtolea salamu ndefu, akauliza hali ya mifugo, ya mvua, ya watoto, ndipo akasema anatoka ofisi ya kubadilisha sarafu. Fosia akajikaza, siri hatoi. Kijana hakuomba siri.

"Eddo, shangazi yangu, sauti yako kama ya watu wetu. Wewe ni wa nani?"

Sasa jamani, hilo nalo ni la kunyimwa jibu? Mtu akikuuliza ukoo ukanyamaza, atadhani uliokotwa. Fosia akakohoa, akajivuna, akaanza: "Mimi Fosia wa Guleid, wa Nuh, wa Deeq, wa Abshir..." Kila jina lilipotajwa, mzee mmoja barazani aliinuka, akavaa viatu, akachukua bakora yake, akatoka langoni. Aliyetajwa mwisho alikunja mkeka, akaondoka nao.

"Ulimpa nenosiri?" Caro aliuliza jioni, alipokuta baraza tupu.

"Wallahi sikumpa! Nilijitambulisha tu!"

Fosia akalia kilio cha mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Sarafu zake zilikuwa zimebadilishwa salama salimini, ila mikononi mwa mwingine. Askari aliyemsikiliza alisema wazee wameondoka kwa miguu yao wenyewe, kwa hiyo hakuna kesi.

Baada ya siku chache yule kijana akapiga tena, kwa adabu ile ile.

"Eddo, samahani. Wazee wako hapa kwangu, wanalinda vizuri, lakini chai yangu wameikataa. Wewe ulikuwa ukiipikaje?"

Fosia alimtukana mpaka pumzi zikamwishia. Kisha akajifuta machozi, maana wazee ni wazee.

"Tia iliki nyingi," alisema. "Na Nuh umpe wa kwanza."