Jani la Isale Siku ya Kuchanjwa

Ndui ilikuwa inaua watoto ng'ambo ya mto. Wachanjaji wakafika kwetu mlimani, lakini baba mkwe wangu, Mzee Gidioni, akakataza mwanangu Aikande asichanjwe. Na akikataa yeye, ukoo wote unakataa.

Sikubishana. Nilichuma jani la isale, nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili. Kwetu Uchagani, ukiombwa kwa isale huwezi kukataa.

"Mama Aikande, umeninasa mbele ya watu!"

"Nimekunasa, baba."

Akacheka, akakunja shati, akamwambia mchanjaji, "Anza na mimi. Ukinilemaza, huyu mkwe wangu ndiye atakayenilimia migomba!"

Ukoo mzima ukapanga foleni nyuma yake. Ndui ilipopanda mlima, kwetu haikumpata hata mtoto mmoja.