Kaya Sitini za Mnalongo

Dominika Nikolao alikuwa muuguzi wa zahanati ya Mnalongo, kijiji cha upande wa Newala ambako mchanga ni mwingi na maji ni ya kusubiri. Kila mwaka, mikorosho ikianza kutoa maua, alijua nani wataingia mlangoni kwake: wanaume wenye macho mekundu kama waliotoka msibani, na vifua vinavyokoroma. Zamani salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu wa mikorosho, ililetwa na ushirika, ikaja pamoja na bwana shamba wa kuwaelekeza watu. Soko lilipoachiwa huru, ililetwa na yeyote mwenye gari. Iliuzwa dukani kando ya sabuni na chumvi, na bwana shamba akawa haonekani tena. Watu walijifunga vipande vya khanga puani, wakabeba mashine mgongoni, wakapuliza.

Dominika akaanza kuwaandika kwenye daftari la shule: jina, siku, macho au kifua, alipuliza au hakupuliza. Aliandika misimu mitatu. Januari ya mwaka 1999 alilipeleka daftari lile wilayani, akaomba dawa za macho na vifuniko vya pua. Wakamwambia utafiti ulikwisha kufanyika. Wakamwonyesha kitabu chenye jalada la kijani, ukurasa umekunjwa: hakuna dalili za madhara makubwa kwa wapulizaji. Akarudi Mnalongo na daftari lake kwapani.

Aliyempa moyo ni shemeji yake, Nehemia, mume wa dada yake Ursula. Nehemia alikuwa mkusanyaji wa takwimu kwenye mradi mmoja wa kilimo wenye makao Masasi, mtu mpole, fundi wa kuandika barua. Dominika aliposomea uuguzi alikaa kwao miaka mitatu, akala kwao, akafua kwao.

"Daftari lako ni zuri," Nehemia alimwambia. "Ila wale wakubwa hawasomi daftari, wanasoma majedwali. Kuna mafunzo mwezi wa tatu, maktaba ya chuo kikuu, tawi la hapa Masasi. Wanafundisha namna ya kutafiti na kutumia kompyuta. Nitakuandikisha."

Akamwandikisha, na mwezi wa tatu Dominika akafikia tena kwao.

Mlangoni mwa chumba cha kompyuta watu walivua viatu. Kompyuta zilikuwa sita, zimefunikwa vitambaa vilivyodariziwa kama viti vya sebuleni, na washiriki kumi na wawili, walimu, mabwana shamba na wauguzi, walikaa wawiliwawili. Mkutubi, Mwalimu Rose Kulwa, alikuwa mwanamke mrefu kutoka Shinyanga, ambaye kila mtu alimwogopa kwa siku moja tu. Wiki ya kwanza aliwafundisha kutafuta vitabu, kuandika walichosoma kimetoka wapi, na kutoamini kitu kwa sababu tu kimepigwa chapa. Wiki ya pili aliwasha kompyuta.

"Nimepata takwimu za kweli za kufanyia mazoezi," alisema. "Ni utafiti wa salfa wa mwaka jana, kaya mia tatu na kumi na mbili, Newala na Tandahimba. Mradi wa kilimo wa hapa Masasi, uliotoa kile kitabu cha kijani, umetupa disketi na fomu zenyewe. Kabla hujaziuliza takwimu swali lolote, zikague kwanza. Tafuta kilichorukwa, kilichozidi, kilichojirudia."

Kila jozi ikapewa kijiji. Dominika aliomba Mnalongo, akapewa.

Aliandika amri alizofundishwa, polepole, kidole kimoja kimoja, kaya sitini zikajipanga kwenye kioo. Swali la kumi na nne liliuliza kama kuna mtu wa kaya aliyekohoa au kuumwa macho baada ya kupuliza. Ndiyo, mbili. Hapana, hamsini na nane.

Msimu ule ule Dominika alikuwa amehudumia watu arobaini na mmoja.

Labda wengi walitoka vijiji vya jirani, alijiambia. Labda walioumwa hawakukutwa nyumbani. Ndivyo Mwalimu Rose alivyowafundisha, kutafuta kwanza sababu iliyo karibu. Akapanga kaya kwa namba za fomu. Wakuu wa kaya walikuwa na miaka thelathini na minne, arobaini na mmoja, hamsini na miwili, thelathini na minane. Alishuka na orodha. Kaya ya kumi na mbili, thelathini na minne. Ya kumi na tatu, arobaini na mmoja. Ya kumi na nne, hamsini na miwili. Kila baada ya kaya kumi na moja umri ulirudi mwanzo, na pamoja nao idadi ya watoto, na idadi ya mikorosho.

Mwenzake, mwalimu mmoja wa Tandahimba, alicheka. "Mnalongo mnazaana kwa ratiba."

Dominika hakucheka. Umeme ulipokatika saa sita na wenzake wakatoka kwenda kula, alimwomba Mwalimu Rose amfungulie kabati lenye fomu zenyewe. Akakaa kwenye meza ya dirishani, mvua ikinyesha juu ya bati, akafunua moja baada ya nyingine. Fomu ya ishirini na tano ilikuwa ya Apolinari Isaka. Alihojiwa tarehe kumi na tisa Oktoba. Anapuliza mwenyewe. Hakohoi.

Apolinari Isaka alifariki Agosti, kwenye kitanda cha pili cha zahanati. Alikuwa akiwapulizia watu mikorosho yao kwa ujira, msimu mzima, mti kwa mti. Dominika hakuwahi kusema kwamba aliuawa na salfa, maana hakuwa na njia ya kujua. Alichojua ni kwamba siku nne za mwisho mtu yule alilala akiwa ameketi, kwa sababu akijinyoosha pumzi zilikatika.

Na mwandiko ule aliujua. Saba yenye kistari katikati, herufi zilizolala kidogo kushoto. Miaka mitatu alikuwa amepokea barua zenye mwandiko ule kila alipokwenda likizo.

Akarudisha fomu kabatini, akavaa viatu vyake.

Jumamosi mchana Nehemia alikwenda kupalilia mahindi yake Lisekese, na Dominika akamfuata na jembe la dada yake. Walilima hadi mwisho wa mstari wa kwanza.

"Shemeji," alisema Dominika, "Mnalongo ulifika?"

"Nilifika."

"Ulifika kwa nani?"

"Kwa mtendaji." Aliendelea kulima. "Kwa nini?"

"Apolinari Isaka ulimhoji lini?"

"Watu wote wale, nitamkumbuka yupi?"

"Alifariki Agosti. Nilimfumba macho mimi."

Jembe la Nehemia likasimama. Alijifuta uso kwa kiganja, akautazama mpaka wa shamba kana kwamba kuna mtu anayekuja. Hakukuwa na mtu.

"Gari lilikwama kwenye mchanga," alisema mwishowe. "Siku tatu. Tulikata matawi, tukasukuma, likazama zaidi. Zikabaki siku mbili na kaya sitini, na fomu zinasubiriwa. Mtendaji akanipa daftari lake la kaya. Nikakaa ofisini kwake nikajaza. Nilisema sitini ndani ya mia tatu zitamezwa."

"Lakini kukohoa, shemeji. Kama ulikuwa unatunga, kwa nini hukutunga kwamba wanakohoa?"

Nehemia aliliachia jembe likaanguka.

"Kwa sababu ukiandika ndiyo, kuna maswali mengine tisa ya kujaza. Tangu lini, usiku au mchana, alikwenda hospitali ipi. Ukiandika hapana, unafunua ukurasa."

Dominika akaketi juu ya majani yaliyong'olewa. Alikuwa amejiandaa kusikia amehongwa na wauza salfa, na hilo angelijua namna ya kulichukia. Hili la kufunua ukurasa hakujua alishike wapi.

"Jumanne tunawasilisha kazi zetu," alisema. "Mratibu wa mradi atakuwepo."

"Najua."

"Sijui nifanye nini."

"Mimi pia sijui." Nehemia aliinama akaokota jembe. "Mkataba wangu unaisha mwezi wa nne. Cecil wetu yuko kidato cha tatu. Lakini sikuombi kitu, Dominika. Ila usimwambie dada yako. Nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Jumapili walitoka kanisani pamoja, Ursula akapika wali na kuku kwa ajili ya mdogo wake anayekaribia kumaliza mafunzo, akawachekesha kwa habari za jirani. Dominika alikula akimwangalia Nehemia, Nehemia akiangalia sahani.

Jumatatu alimweleza Mwalimu Rose, bila kutaja jina. Walikuwa wamesimama katikati ya makabati ya vitabu. Mwalimu Rose alichukua zile fomu akazisoma kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Unajua hizi kompyuta zimetoka wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Zimetoka kwenye mradi huo huo. Nimeziomba miaka miwili." Alizirudisha fomu mkononi mwa Dominika. "Siwezi kukuambia useme. Na nikikuambia usiseme, sijui kesho nitasimama vipi mbele yenu. Fanya jedwali lako vizuri. Lolote utakalolisema, liwe na jedwali."

Jumanne viti viliongezwa. Mratibu wa mradi, Bwana Vitalis, alikaa mbele pamoja na maofisa wawili wa wilaya. Nehemia, ambaye ndiye aliyemleta mratibu, alikaa nyuma karibu na dirisha. Zamu ya Dominika ilipofika, alisimama akaegemea meza.

Hakusema mengi. Alionyesha namna umri unavyojirudia kila kaya ya kumi na moja. Alionyesha watoto, kisha mikorosho. Akataja kwamba mmoja wa waliohojiwa Oktoba alikuwa amezikwa Agosti. Akaonyesha jedwali la daftari lake, watu arobaini na mmoja, akaeleza pia udhaifu wake: kwamba hakuwauliza waliobaki nyumbani, na kwamba hana hakika wote ni wa Mnalongo.

"Kwa hiyo sisemi salfa imewafanya nini," alimaliza. "Ninasema kaya hizi sitini haziwezi kutumika. Na kitabu cha kijani kimezitumia."

Bwana Vitalis alivaa miwani, akachukua fomu moja.

"Huyo mdadisi namba nne ni nani?" aliuliza, akisoma kona ya fomu.

Dominika alianza kuzipanga fomu upya. Mwalimu Rose aliangalia sakafu.

"Ni mimi," sauti ilitoka nyuma. Nehemia alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Sikufika kwenye nyumba hizo hata moja. Nilizijaza mimi."

Kisha akatoka. Kupitia dirishani walimwona akivuka uwanja bila viatu, amevisahau mlangoni.

Ursula alizisikia habari sokoni kabla mumewe hajafika nyumbani; mengine akaelezwa na mumewe alipofika. Dominika alipoingia alimkuta jikoni, amesimama, mkaa haujawashwa.

"Shikamoo, dada."

Ursula hakuitikia. Tangu wakiwa watoto hakuwa amewahi kuacha kuitikia.

"Mlijua tangu Jumamosi," alisema. "Wote wawili. Jumapili mkakaa mezani kwangu mkala, mimi ninacheka kama mjinga."

"Dada, alisema atakuambia mwenyewe."

"Yeye ni mume wangu, nitapambana naye. Wewe ni tumbo moja nami." Alimgeuzia mgongo. "Chukua begi lako, Dominika. Gari la Newala bado halijaondoka."

Mkataba wa Nehemia haukusubiri mwezi wa nne. Kabla ya Pasaka familia ilikuwa imehamia Lupaso, kwenye shamba la marehemu baba yake, na Cecil akabaki Masasi kwa rafiki wa familia ili amalize shule. Kitabu cha kijani kiliendelea kukaa mezani kwa watu. Bwana Vitalis aliahidi kwa barua kwamba kitarekebishwa, na barua hiyo Dominika aliibandika ukutani mwa zahanati, ikapauka.

Mwezi wa Julai Mwalimu Rose alimtumia bahasha yenye fomu sitini tupu. Hakukuwa na mradi wala gari. Aliandika tu kwamba chuo kimeruhusu, na kwamba apite nyumba kwa nyumba, asiruke hata moja. Dominika alipita, kila siku baada ya kufunga zahanati, wiki tano. Nyumbani kwa marehemu Apolinari alihojiwa mjane wake, ambaye alisema mwanawe ndiye anayetumia ile mashine sasa. Waliojibu ndiyo walikuwa ishirini na sita, na kwa kila mmoja Dominika aliuliza yale maswali tisa mpaka la mwisho. Mwalimu Rose akazitia kwenye kompyuta, wakaandika ripoti ya kurasa nane. Wilaya ikaipokea. Msimu uliofuata zikaja katoni mbili za vifuniko vya pua na chupa chache za dawa ya macho. Zikaisha katikati ya Julai.

Watu wa Mnalongo walimsifu. Yeye usingizi ulikuwa ukimpaa akikumbuka viatu vya Nehemia mlangoni mwa maktaba, visigino vimelika upande mmoja, na jinsi alivyovifunga kwenye gazeti akampa Mwalimu Rose avifikishe, kwa kuwa mwenyewe hakuthubutu.

Septemba ya msimu huo huo alipanda magari mawili mpaka Lupaso. Watoto wadogo wa Ursula walimkimbilia, "Shikamoo, mama mdogo!", wakamwonyesha mbuzi. Nehemia alikuwa shambani akifyeka chini ya mikorosho. Alikuja, akampa mkono, akamuuliza habari za Newala na za mvua, akarudi kazini. Alikuwa amekonda. Ursula alikaa ndani na kazi zake, sufuria zikisikika.

Dominika alikaa kibarazani tangu saa nne. Alicheza na watoto, akawakata kucha. Saa nane aliagana nao, akachukua mkoba wake.

Ndipo Ursula akatokea mlangoni, mikono imejaa unga. Hakumtazama usoni.

"Gari limeshapita," alisema. "Hilo lingine ni kesho. Ingia, utakaa juani mpaka lini?"

Dominika hakujua kama amesamehewa, na hakuuliza. Aliweka mkoba chini, akanawa mikono, akaingia kumsaidia kuchekecha unga.